Jinsi ya kupima kama mpiga kura ambaye mgombea wake ameshindwa bado ana imani na mfumo

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukitaka kujua kama matokeo yatawatia watu wa mtaani kwako imani au yatawavunja moyo, anza kazi kabla ya kura. Hivi ndivyo ninavyofanya ninapohoji watu Likoni na Kisauni, hapa Mombasa.

Hatua ya 1. Hoji watu walewale mara mbili: miezi kadhaa kabla ya kura, kisha kesi za kupinga matokeo zikishaamuliwa. Usikimbilie wiki ya matokeo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba; majibu ya siku moja kabla na siku moja baada yasingefanana hata kidogo.

Hatua ya 2. Tenganisha serikali na mfumo. Hapa nilijikwaa mwenyewe. Nilimwuliza mzee mmoja barazani kwake, "Umeridhika na demokrasia?" Akanionyesha mitungi mitupu mlangoni. "Mwanangu, maji wiki ya pili hii hayajatoka." Nikaandika hajaridhika. Kumbe nilipima maji! Siku hizi nauliza mawili: kazi ya walio madarakani unaionaje? Na hata chama chako kikishindwa tena, ungependa viongozi waendelee kupatikana kwa kura? Nilipomrudia mzee, la pili hakulifikiria: "Kura. Hawa tutawatoa na nini?"

Hatua ya 3. Jua nani kashindwa, na wapi. Mwaka 2022 tulipiga kura ya urais tarehe 9 Agosti, ya gavana wa Mombasa ikasogezwa hadi tarehe 29 kwa sababu ya kosa kwenye karatasi za kura. Aliyemchagua Raila Odinga kwa urais na Abdulswamad Nassir kwa ugavana alishindwa kitaifa, akashinda kaunti. Ukimtia kapu moja na walioshindwa kote, hesabu imeharibika. Chama anachokipenda kiulize kwenye mahojiano ya kwanza, maana baadaye wapo wanaojikumbuka upande wa mshindi.

Hatua ya 4. Uliza kama hesabu ya kura aliiamini, na kama aliiona fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, ikibandikwa kituoni. Aliyeshindwa akiamini kura zilihesabiwa sawa, imani yake kwa kawaida haishuki sana.

Hatua ya 5. Kwa kila mtu, lipe alama jibu la swali la mfumo katika kila mahojiano, kisha toa alama ya kwanza kwenye ya pili. Usitazame pengo kati ya washindi na walioshindwa pekee: linaweza kupanuka kwa sababu washindi wamepanda, huku walioshindwa wako palepale.