Kwenda Mahale ukitokea Kigoma mjini

Kwanza kabisa sahau habari ya kuzunguka na gari. Mahale ni hifadhi ya taifa ya sokwe mtu kando ya Ziwa Tanganyika, na ndani yake hakuna barabara, hifadhi nzima ya kilomita za mraba kama 1,613 ni miguu tu. Na kufika kwenyewe wengi tunapita majini, kilomita kama 120 kusini mwa mji. Boti ya kukodi ni ya haraka ila bei imesimama, jikusanyeni. Mtumbwi wa abiria ni rahisi, lakini unapakia watu, madumu ya mawese, mbuzi, magodoro, na kila kijiji unasimama. Nenda mwaloni siku moja kabla ukaulizie, na ukiambiwa "tunang'oa saa mbili" cheka tu. Mimi nilikalia gunia la dagaa mpaka saa nane mchana, jioni ziwa likachafuka tukaishia kulala kijiji ambacho hata jina silijui.

Malipo ya hifadhi malizana nayo ukiwa bado mjini, huko mtandao ni wa kubahatisha, na beba kitambulisho maana Mtanzania analipa kwa shilingi, bei tofauti kabisa na ya mgeni.

Miezi mizuri ni ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, na kuanzia Agosti sokwe wanashuka mabondeni kwahiyo hupandi sana. Vaa suruali ndefu uichomeke kwenye soksi (siafu hawana utani). Mbele ya sokwe ni barakoa, mita 10, saa moja basi, hakuna kula. Na kama una mafua, ndugu yangu, baki kambini, mafua yetu yanawaua kweli. Hawa wamezoea watu kwasababu watafiti wa Kijapani wako nao tangu 1965, ndo maana mnaweza kusimama pale wao wanaendelea na mambo yao.

Angalia wanavyochambuana: wawili wanakaa wanatazamana, kila mmoja ananyoosha mkono mmoja juu, wanashikana hewani kama wanapeana tano halafu wamesahau kuachia, mkono wa pili unachambua manyoya kwapani kwa mwenzake. Sokwe wa Gombe, ile hifadhi nyingine ya Kigoma, hawafanyi hivyo!

Mwenye miguu aongeze mlima Nkungwe, mita 2,462, unalala njiani na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Watongwe, wenyeji wa huko, wanauheshimu sana ule mlima, wanasema una mizimu, kwahiyo kelele na spika yako acha kambini.