Jinsi ya Kupoza Maji ya Moto ya Chumba cha Kufulia Kabla Hayajaingia kwenye Bomba la Majitaka

Mwongozo huu unamhusu fundi bomba au msimamizi wa hoteli ya pwani yenye mashine kubwa za kufulia mashuka na taulo. Mashine inayofua kwa maji ya nyuzi 70 hutoa maji hayo yote kwa dakika chache, tena yakiwa bado ya moto. Bomba za PVC zinazotumika katika majengo yetu mengi hazikusudiwi kubeba maji yanayozidi nyuzi 60 mara kwa mara. Bomba la namna hiyo lenye urefu wa mita 10, likipanda joto kwa nyuzi 40, hurefuka kwa karibu sentimita 3, kisha hurudi linapopoa, na mwendo huo ukirudiwa kila siku viungo huachia na maji huvujia chini ya sakafu mahali pasipoonekana. Joto hilo pia huua bakteria wanaosaga taka kwenye tangi la septiki, na huyeyusha mafuta ya jikoni yakapita kwenye kinasa mafuta na kuganda mbele zaidi. Nchini Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoingia kwenye mfereji wa majitaka wa umma yawe kati ya nyuzi 20 na 35, na hicho ndicho kipimo ninachokifuata hapa.

Hatua ya kwanza ni kupima. Weka kipimajoto kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji la mashine, si kwenye chemba ya nje, na uandike joto na kiasi cha maji katika kila awamu: ya kufua na kila ya kusuuza. Fanya hivyo siku ambayo hoteli imejaa wageni, kwa sababu wakati huo mashine mbili au tatu humwaga kwa pamoja.

Hatua ya pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Mazoea ni kufungulia maji baridi yakachanganyika na ya moto. Pwani, maji ya bomba huwa na joto la nyuzi 28 hivi, kwa hiyo kila lita moja ya nyuzi 70 huhitaji lita 5 za maji safi ili ishuke hadi 35. Mashine ikitoa lita 200, utamwaga lita 1,000 za maji ya kunywa kwa ajili ya kupoza tu, na hilo siwezi kulikubali katika miji ambayo watu hununua maji kwa madumu. Sasa tazama maji ya mashine yenyewe: lita 200 za kufua kwa nyuzi 70 na lita 600 za kusuuza kwa nyuzi 28, zikikutana mahali pamoja, hutoa wastani wa nyuzi 38.5. Kazi karibu yote imekwisha bila kuongeza hata tone moja, mradi pawepo mahali pa kukutania.

Mahali hapo ni tangi, na ujenzi wake ndio hatua ya tatu. Ujazo wake uwe mara moja na nusu ya maji ya mzunguko mmoja kamili wa mashine zote zinazoweza kumwaga pamoja; kwa mfano wetu wa mashine moja, ni lita 1,200. Lijenge kwa zege au stenlesi (chuma kisichoshika kutu), na bomba linalotoka kwenye mashine hadi hapo liwe la chuma au la plastiki ya polipropilini. Maji yaingie juu na yatokee chini, kupitia bomba lililozamishwa karibu na sakafu ya tangi. Sababu ni kwamba maji ya moto huelea. Yatabaki juu yakipoteza joto, huku yaliyopoa yakitoka chini, na maji ya kusuuza yanayofuata yataanguka kutoka juu na kuchanganyika nayo. Weka wavu wa kunasa vitembwe vya nguo mlangoni mwa tangi, na bomba la kutolea mvuke lipande hadi juu ya paa.

Hatua ya nne ni ya hiari, lakini naisisitiza kwa yeyote anayelipia umeme wa kuchemshia maji. Kabla maji ya kufulia hayajafika kwenye tangi, yapitishe kwenye koili, yaani bomba lililoviringishwa, inayobeba maji safi yanayoelekea kwenye hita. Lita 200 zikishuka kutoka nyuzi 70 hadi 45 huacha joto lenye thamani ya karibu uniti 6 za umeme, na tangi nalo litakuwa na kazi ndogo zaidi. Koili hiyo lazima iwe ya kuta mbili, yenye nafasi iliyo wazi kati yake, ili ikitoboka uvujaji uonekane nje badala ya uchafu kuingia kwenye maji ya wageni.

Hatua ya tano ni kuweka valvu ya maji baridi inayofunguka yenyewe maji yanayotoka yakizidi nyuzi 35. Hii ni akiba ya siku yenye kazi nyingi. Mdomo wa bomba lake uning'inie juu ya ukingo wa tangi kwa umbali usiopungua mara mbili ya kipenyo chake, na usiwe chini ya milimita 25, kwa kuwa presha ya mji ikishuka, bomba lililozama hunyonya majitaka.

Kisha jaribu mfumo mashine zote zikifanya kazi na upime joto kwenye chemba ya kwanza baada ya tangi. Wavu usafishwe kila siku, na tangi limwagwe kila usiku kupitia valvu ya chini, kwa sababu maji ya vuguvugu yenye uchafu yakilala humo hutoa gesi yenye sumu. Mtu asiingie ndani kulisafisha kabla ya kulipitisha hewa, wala asiingie peke yake.