Mnyime mchawi usingizi, si uchawi

Mnaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, na mchawi wenu anamaliza kila pigano peke yake, msiguse uchawi wake. Guseni usingizi. Sisi hapa Amu hucheza barazani baada ya isha, na sasa tuna sharti moja: mapumziko marefu, yaani usingizi unaomrudishia mchawi nafasi zake zote za kurusha uchawi, ni bandarini tu. Ndani ya hadithi, jahazi likitoka Amu kwenda Faza, kulala njiani ni kufumba macho, hakurudishi kitu. Mapumziko mafupi yabaki yalivyo.

Kwa kanuni za mchezo za 2014, mchawi wa daraja la 5 ana nafasi 4 za uchawi wa ngazi ya kwanza, 3 za pili na 2 tu za tatu, ambako ndiko uliko mpira wa moto: dadu 8 za pande sita kwa wote waliosimama humo. Akilala kila baada ya pigano, anarusha miwili kila mara, na mwenye upanga amekaa anakula bisi. Mapigano yakiwa manne kwa usingizi mmoja, ataanza kuhesabu. Mwekeeni simbi 9 mbele yake, kila uchawi simbi moja iondoke. Jana binamu yangu aliikamata ya mwisho mpaka ikalowa jasho!

Pigano likiwa moja tu safari nzima, haisaidii, atamwaga zote. Wala haimgusi mchawi wa maagano (warlock), maana nafasi zake hurudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja. Na sharti litajwe kabla ya kung'oa nanga, la sivyo mtagombana.