Jongoo mchukue na mti wake

Jongoo ninayemfuga nilimwokota mwezi wa tatu, mvua zimekolea, kwenye njia ya kwenda Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba kule Rungwe, chini ya shina la mgomba lililooza. Mweusi wa kung'aa, unene wa kidole changu cha mwisho. Nilipomgusa akajikunja duara.

Kwanza hakikisha si tandu. Mtazame ubavuni: jongoo ni wa mviringo, karibu kila pingili ina miguu minne, na anatembea taratibu, miguu ikienda kama wimbi. Tandu ni bapa, ana miguu miwili tu kwa pingili, anakimbia, na anauma kwa sumu. Huyo mwache aende zake. Jongoo haumi, ila akiogopa hutoa majimaji yenye harufu kali. Yaliniachia doa la kahawia vidoleni siku kadhaa. Nawa kwa sabuni, wala usiguse macho.

Ukimkuta ndani ya hifadhi, iwe Kitulo au msitu wa Ngosi, mtazame ushibe, kisha umwache palepale.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Anayefuga naye afanye vivyo hivyo: mchukue na mti wake. Ule ubao uliooza na yale majani aliyolalia ndiyo nyumba yake na ndiyo chakula chake. Mimi nilibeba mfuko mzima. Usikusanye majani ya mkaratusi wala ya mpaini, hata kama ndiyo yaliyojaa kwenu, na usichote udongo wa shamba la viazi. Huku kwetu viazi vinapigwa dawa sana.

Anakaa kwenye ndoo ya lita 20, kifuniko nimekitoboa kwa msumari wa moto. Udongo na mboji vimefika nusu ya ndoo, juu majani. Nanyunyizia maji hadi udongo ukifinywa ushikamane bila kuchuruzika. Nikimwekea kipande cha tango au boga jioni, asubuhi nakitoa kisije kikaota ukungu. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayakosekani, kwa ajili ya gamba lake. Juani ni marufuku, na baridi ya huku kwetu Uyole, Mbeya, ya mwezi wa sita na wa saba ilinifanya nimhamishie jikoni, mbali kidogo na jiko la mkaa.

Sasa hili lishike sana. Ipo siku atazama udongoni asionekane wiki nzima, pengine wiki kadhaa. Usimfukue. Anajivua gamba, na wakati huo mwili wake ni laini kama uji ulioganda. Wa kwanza nilimfukua kwa wasiwasi, nikamkuta mweupe, amelala kwenye kijishimo chake. Siku ya pili alikuwa amekufa, na bado inaniuma. Huyu wa sasa alipozama niliendelea kunyunyizia maji tu. Alipotoka alikuwa mnene kidogo kuliko alivyoingia, na gamba la zamani sikuliona. Wao hulila.