Ukikaa na mgonjwa wa hatua za mwisho, anza na midomo

Jamani nyie mnaojitolea wodini kukaa na wagonjwa wasio na ndugu wa kuwakalia, mnafanya jambo kubwa. Kule Oregon, Marekani, nesi anaitwa Sandra Clarke alianzisha mpango wa hivi 2001 kwa sababu miaka ya nyuma mzee mmoja alimwomba akae naye, akamwambia ngoja nizungukie wengine kwanza, anarudi mzee keshafariki.

Sasa dondoo yangu ni maji. Akisema ana kiu usikimbilie kikombe, muulize nesi kwanza, maana wengi wakifika hapo kumeza kunakuwa shida na wanapaliwa kirahisi. Chukua pamba au chachi safi, lowesha, kamua, mpitishie midomoni taratibu halafu mpake mafuta kidogo. Mimi mara ya kwanza nilikazana kumpigisha stori bibi mmoja hajibu, nikajua hanitaki, kumbe midomo imekauka mpaka imeshikana, nilipomlowesha akashusha pumzi hivi, akanibana kidole na hakukiachia.

Jitambulishe kila ukiingia hata kama amefumba macho, na msimjadili kitandani kwake kama hayupo, anaweza kuwa anasikia. Pumzi ikikatika ikarudi usianze mayowe, mwite nesi tu. Mahubiri pia acha mpaka aombe mwenyewe.

Na simu weka sailensi, yaani mtu anavuta pumzi za mwisho wewe unaangalia status za watu?