Namna ya Kuifuata Hadithi Moja ya Kisayansi Kutoka Kitabuni Hadi Redioni na Kwenye Filamu

Anayeanza kupenda hadithi za kubuni za kisayansi na zile za ulimwengu wa ajabu hukutana na wingi unaoelemea: riwaya, filamu, katuni, michezo ya kompyuta, na kila rafiki ana orodha yake ya kazi ambazo ni lazima zitangulie nyingine. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kuzipenda kazi hizi, ni kuziweka kando orodha zote kwa muda, kuchagua hadithi moja iliyosimuliwa kwa njia nyingi, na kuifuata bila haraka. Hadithi ninayoipendekeza kwa kuanzia ni The War of the Worlds ya Mwingereza H. G. Wells, inayosimulia jinsi viumbe wa sayari ya Mirihi wanavyoivamia Uingereza. Andaa daftari dogo, na kwa kila toleo jibu swali moja tu: ni nani anayetusimulia, na ameyajuaje anayoyasema?

Anza na kitabu, hata kama umekwisha kuona filamu. Hadithi ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida mwaka 1897, ikawa kitabu mwaka 1898. Wells alifariki mwaka 1946, hivyo haki miliki yake imekwisha katika nchi nyingi, na unaweza kuipakua bila malipo kutoka maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Sura zake ni 27, nyingi zikiwa fupi. Ukisoma tatu kila usiku utamaliza kwa siku tisa. Kiingereza chake ni cha zamani kidogo, lakini usikimbilie kamusi kwa kila neno, kwa sababu mwendo wa hadithi wenyewe utakubeba. Kitakachokusaidia zaidi ya kamusi ni ramani ya Uingereza. Wells aliishi katika mji wa Woking, akawa anazunguka kwa baiskeli akichagua mahali ambapo Wamirihi wake wangepateketeza, na ukiifuata safari yao kutoka Horsell hadi Weybridge, Shepperton na London, utaona kwamba hofu yote imejengwa juu ya vituo vya treni na mitaa ambayo wasomaji wake wa kwanza waliifahamu.

Soma polepole sehemu ya silinda iliyoanguka kutoka angani. Mwanafalaki Ogilvy amesimama peke yake kando ya shimo asubuhi na mapema, akidhani anatazama kimondo. Chuma bado ni cha moto. Ndipo anapotambua kwamba alama nyeusi iliyokuwa upande wake dakika tano zilizopita sasa iko upande wa pili wa duara: kifuniko kinazunguka, na kinafunguliwa kutoka ndani. Hakuna mlipuko wala mwanga, ila mkwaruzo hafifu na alama moja iliyohama, na mimi sijaona filamu iliyonitia baridi kiasi hicho.

Usiiruke sura ya kwanza kwa kuiona ni ya maelezo tu. Humo Wells anawataka wasomaji wake, kabla ya kuwahukumu Wamirihi, wakumbuke jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji wa Kizungu. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini zaidi. Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki mwaka 1895, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zake zililipiga mizinga jumba la Sultani wa Unguja, vita vikaisha kwa muda usiofika saa moja. Miezi minane baadaye, jarida lilianza kuwaeleza Waingereza habari za mwale wa joto wa Wamirihi unaoteketeza watu wasio na silaha ya kuujibu. Sisemi kwamba Wells aliifikiria Unguja; nasema kwamba sisi tunaweza kukisoma kitabu hiki tukiwa tumesimama upande wa pili wa mzinga.

Baada ya kitabu, nenda kwenye mchezo wa redio uliorushwa nchini Marekani na kituo cha CBS tarehe 30 Oktoba 1938, ukiongozwa na Orson Welles kutokana na mswada wa Howard Koch. Rekodi yake ipo na hupatikana kwa urahisi. Isikilize usiku, taa zikiwa zimezimwa, simu ukiwa umeigeuza kifudifudi ili macho yasipate kazi. Hapa jibu la swali lako la daftarini litabadilika kabisa. Msimulizi wa kitabu anaandika baada ya vita, kwa hiyo tunajua tangu mwanzo kwamba alinusurika. Mwandishi wa habari wa redioni, akiwa shambani Grover's Mill katika jimbo la New Jersey, hajui sekunde inayofuata itamletea nini. Muziki wa dansi unakatizwa na taarifa, unarejea, unakatizwa tena, mpaka sauti yake inapokatika katikati ya sentensi na kuacha kimya. Rudia kipande hicho mara mbili au tatu. Magazeti ya wakati ule yalitia chumvi nyingi katika habari za wasikilizaji waliotaharuki wakidhani uvamizi ni wa kweli, lakini ukikisikia kimya hicho utaelewa kwa nini baadhi yao waliamini.

Filamu hazihitaji maandalizi makubwa. Itazame kwanza ya mwaka 1953, iliyohamishia hadithi California na kuiondoa mitambo ya miguu mitatu ambayo Wamirihi wa kitabuni huitembelea, badala yake vikawekwa vyombo vinavyoelea. Wamarekani wanavipiga kwa bomu la atomiki, na bomu linashindwa, na hapo utaona hofu ya miaka ile. Kisha tazama ya Steven Spielberg ya mwaka 2005, ambamo miguu mitatu imerudi na kamera haimwachi baba mmoja na watoto wake, hata tusijue lolote asilolijua yeye. Ukiwa na nafasi, maliza kwa albamu ya muziki ya Jeff Wayne ya mwaka 1978, uone jinsi kilio cha "Ulla" cha Wamirihi wa kitabuni kilivyogeuzwa kuwa wimbo.

Hatua ya mwisho ni kutengeneza toleo lako, kwa sababu kila aliyeichukua hadithi hii aliihamishia karibu na wasikilizaji wake. Chagua mahali unapopajua kwa miguu, kama vile stendi ya mabasi, bwawa au uwanja wa shule, kisha amua silinda itaanguka wapi na nani atakuwa wa kwanza kuiona. Andika dakika kumi za mchezo wa redio na kuurekodi kwa simu pamoja na rafiki wawili watatu. Waeleze wasikilizaji waziwazi kwamba ni mchezo, mwanzoni na tena katikati: mwaka 1949 toleo la Kihispania lilirushwa mjini Quito, Ecuador, na wananchi walipogundua wamedanganywa walilichoma moto jengo la kituo, na watu wakafa. Na mtangazaji wako atakapokatwa sauti, usikimbilie kuingiza muziki wala ving'ora. Hesabu moja hadi sita kimoyomoyo, kinasa sauti kikiendelea kufanya kazi, ndipo umruhusu mtu mwingine azungumze.