Zege la nakshi uani: anza na futi kamba, si rangi

Mimi nilianza na rangi, nikapoteza wiki nzima nikibishana na mke wangu. Wewe pima kwanza. Uwanja wetu hapa Majengo, Moshi, ni mita 6 kwa 5. Kwa unene wa sentimita 10 hiyo ni mita 3 za ujazo, yaani kama mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne). Nunua 22.

Shindilia kifusi vizuri, kisha weka mteremko wa sentimita 2 kila mita, maji yakimbie nyumba. Masika, Machi hadi Mei, usithubutu. Januari ni kukavu ila jua linakausha zege upesi, kwa hiyo mwaga alfajiri.

Shughuli yenyewe ni kuchapa nakshi juu ya zege likiwa bado bichi. Bonyeza kwa kidole: kikiingia kama nusu sentimita na zege halinati, nyunyiza unga wa kuzuia kunata, panga mihuri ya mpira, gongagonga. Hapo saa haikusubiri. Fundi wangu alikwenda kunywa chai. Kona ya getini mpaka leo ni laini kama sahani, tumeiwekea chungu cha maua. Uwe na watu wanne, na chai iletwe palepale.

Kata mistari ya kuzuia nyufa kila mita 2.5 hivi. Sila, ile dawa ya kupaka juu kulinda zege, ipakwe baada ya wiki nne, siku kavu. Gari nalo lisubiri nje muda huohuo, hata jirani akicheka.